Siku Tatu za Mkhulu

Burhani alipomkuta nyoka juu ya mablanketi hakupiga kelele. Kidawa alikuwa chumbani anakaanga sambusa za kufuturia, na hadi leo angeapa kwamba kelele zingekuwa afadhali, kwa sababu kelele huja zikapita. Alichosikia kutoka roshani, waliyoizungushia vioo ikawa stoo, ni mumewe akivuta pumzi, akisema Bismillahi, halafu akianza kuzungumza na mtu taratibu, kwa adabu, kwa sauti ile anayowatolea wateja wanaorudisha makochi.

“Ewe uliyemo humu. Kama wewe ni jini Mwislamu, assalaam alaykum. Kama ni mnyama tu, assalaam alaykum vilevile, haitakudhuru. Hapa tunalipa kodi na tunaswali. Nakupa siku tatu utoke kwa amani. Usipotoka, mimi sina lawama mbele ya Mungu.”

Kidawa akazima jiko. Sambusa mbili zilikuwa bado mbichi upande mmoja, akaziopoa hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwanzo wa Agosti 2012, Ramadhani imefika katikati, na baridi ya Johannesburg ilikuwa ile ya kupasua midomo. Wao wawili ni watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na mtoto wa Buyenzi aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba nyoka wa ndani ya nyumba hauawi hivi hivi. Huonywa kwanza, siku tatu, maana huenda si nyoka. Burhani hakuwa mtu wa kuhangaika na majini. Alikuwa mtu wa utaratibu, awe anapigilia misumari ya kochi au anamfukuza nyoka, na utaratibu alioufundishwa ndio huo.

Basi akafungua dirisha la roshani, ghorofa ya tano, mtaa wa Berea, akalifunga kwa waya lisijirudi, ili mgeni apate njia ya kutokea. Nyoka wa watu atoke ghorofa ya tano aende wapi, hilo hakujiuliza.

“Kuna nyoka mle,” akamwambia Kidawa aliporudi chumbani, uso umempauka. “Mkubwa. Sijui kapanda kwenye mabomba. Usiingie peke yako. Nimeshamwonya.”

“Nyoka?” akasema Kidawa.

Neno lilimtoka vizuri, na mshangao wake umepimwa barabara, na hapo hapo akajichukia. Nyoka alikuwa wake. Wiki ya tatu hiyo alikuwa akimlisha, akimbadilishia maji na kumpimia joto, na jina lake analijua.

Jina lenyewe lilikuwa Mkhulu, yaani babu kwa Kizulu. Alikuwa boa, nyoka wa ng'ambo anayefanana na chatu, urefu wa mtu mzima, unene wa mkono wa seremala, kahawia mwenye madoa mekundu kuelekea mkiani. Hana sumu. Mwenyewe hasa alikuwa Mabaso, mwanamume wa makamo wa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, asiye na mke, ambaye zamani aliosha vizimba kwenye duka la wanyama huko Midrand. Mwenye duka alipoacha biashara ya nyoka, Mabaso aliondoka na mmoja ndani ya sanduku la viatu, mdogo kama mkanda. Uani kwake majirani walisema ni mchawi, na kwamba yule nyoka humtapikia pesa. Kama kweli alitapika, basi alizimeza tena, maana Mabaso alivaa koti moja miaka yote na bati lake lilivuja.

Katikati ya Julai Mabaso alimpigia Kidawa simu. Madaktari walikuwa wamekuta kifua kikuu, kile kibishi kisichosikia dawa, na anatakiwa kulazwa miezi.

“Dada, sina mwingine,” alisema katikati ya kikohozi. “Hapa uani nikitoka asubuhi, mchana wameshamkata kichwa.”

Kidawa alikubali kabla hajamaliza. Alimwambia kwetu jambo hili linaitwa amana: kitu ulichokitia mkononi mwangu, nitakirudisha mkononi mwako, na kikipotea nitaulizwa mimi, hapa na kule tuendako. Mabaso akasema sharp, yaani sawa, basi kesho naleta. Akamletea kweli, ndani ya teksi, zile za abiria wengi, kwenye boksi la plastiki lililofunikwa shuka, na abiria wenzake hawakujua walisafiri na nani.

Kwa nini mwanamke anayeruka akiona mjusi akubali kulea nyoka? Hapo ndipo penye kidonda, na lazima turudi nyuma miaka minne.

Mei 2008 Kidawa alikuwa amepanga chumba cha uani Alexandra, uani kule kule kwa Mabaso. Burhani alikuwa Durban mwezi mzima, kwenye karakana ya makochi. Jumapili ile makundi ya kuwasaka wageni yalipoanza kupita nyumba kwa nyumba, yakiwauliza watu kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, Kizulu cha Kidawa kilikuwa hakijafika kwenye kiwiko. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akili imemruka. Mabaso, ambaye mpaka siku hiyo walikuwa wakisalimiana tu, alimwingiza chumbani kwake, akamketisha nyuma ya sanduku kubwa la kioo. Vijana walipogonga alifungua mlango wazi kabisa, Mkhulu akiwa shingoni, akawaambia, “Ngenani.” Karibuni ndani. Hakuna aliyeingia. Kesho yake walirudi, akawakaribisha tena, wakaondoka tena.

Siku mbili Kidawa alikaa mle. Mabaso aliketi juu ya kreti la bia, goti limegusa mlango, mgongo kwake, hakulala na hakugeuka. Siku ya tatu asubuhi alimpeleka kituo cha polisi, ambako mamia ya watu walikuwa wamejazana na vifurushi vyao.

Burhani alifika kutoka Durban macho mekundu, akamkuta pale chini ya hema. Alimshika mabega, akamtazama juu mpaka chini kama mtu anayehesabu viungo.

“Ulikuwa hapa tangu mwanzo?”

“Ndiyo,” akasema Kidawa.

Mwanamke yeyote wa Buyenzi angeelewa. Dada yake mkubwa, Zaituni, wakati wa vita vya kwetu alijificha usiku mmoja kwa jirani mwanamume, kitandani amelala mama wa huyo jirani, na bado mumewe alimrudisha kwao na talaka mkononi. Watu walisema alikuwa na haki. Kidawa alikuwa na ndoa ya miaka mitatu, hana mtoto, chumba kimechomwa, na alichobaki nacho duniani ni mwanamume huyu aliyemshika mabega. Akasema ndiyo. Alifikiri ataliweka sawa wakishapumua.

Lakini Burhani, jamani, Burhani ni mtu wa shukrani. Idi ya kwanza baada ya fujo, wakiwa wamehamia Berea, aliamka alfajiri akasema polisi wale walimlinda mke wangu, lazima wale pilau. Wakapika chungu kizima. Akakifunga kwa kitambaa, akapanda teksi mbili nacho mapajani, akakitua kaunta. Polisi walikula bila kuuliza maswali. Mwaka uliofuata akapeleka tena, na uliofuata, na wa nne, na sasa askari wa zamu walimjua kwa jina wakamwita Baba Pilau. Kidawa ndiye aliyekaanga vitunguu, kila mwaka, na kila chungu kilimzidishia uzito wa ile ndiyo. Mabaso, aliyekaa siku mbili mlangoni, hakupata hata sahani. Mara moja moja Kidawa alimpigia simu kumjulia hali, akafuta namba Burhani asiione.

Ndiyo maana Mkhulu aliishi kwa siri, roshani, chini ya meza ya kushonea, nyuma ya mabunda ya mapazia na magauni ya harusi ambayo Burhani hakuyagusa kamwe kwa kuogopa kuyachafua. Mabaso alikuwa amemwachia karatasi ya maelekezo, na Kidawa aliifuata kama vipimo vya nguo. Mkeka wa umeme chini ya nusu moja ya boksi, nusu nyingine ibaki na ubaridi, ili mwenyewe achague. Bakuli pana la maji, ajitose akitaka. Panya mmoja kila wiki mbili, wa kugandishwa, ambaye Kidawa alimchukua Midrand siku za kupeleka mapazia, akamyeyusha kwenye kopo la maji moto lisilotumika kwa lingine lolote, akampa kwa koleo ndefu huku amefumba jicho moja. Akishakula asiguswe siku mbili. Wiki ya pili macho ya nyoka yaligeuka ya kijivu, kama yameingiwa maziwa, na Kidawa akalia peke yake akidhani ameipofusha amana ya watu. Kumbe ni ngozi inataka kuvuka. Siku chache baadaye ilivuka kipande kizima, kuanzia midomoni hadi mkiani, na chini yake mnyama aling'aa kama kitambaa kipya. Kidawa alijikuta anatabasamu. Aliikunja ile ngozi akaitia kwenye kopo la vifungo, kisha akaona aibu kwa furaha ile.

Kosa lake lilikuwa dogo. Karatasi ilisema mfuniko ufungwe kwa kamba. Jumamosi ile mteja alikuja mbio mbio kuchukua gauni, Kidawa akautegeshea mfuniko kitabu cha mitindo na kusahau. Boa ni msuli mtupu, kitabu si kitu kwake. Akatoka kutafuta joto, akalipata kwenye rundo la mablanketi, na Burhani alikuwa anahitaji blanketi.

Kidawa angeweza kusema pale pale. Aliwaza kusema ni nyoka wa mteja. Burhani angeuliza mteja gani, naye angesema mwanamume wa Alexandra, na Burhani, mtu wa utaratibu, angeuliza mmejuana wapi. Kila alipoanza upande mmoja wa uongo, upande wa pili ulichomoza. Basi Burhani alipokwenda msikitini kuswali tarawehe, Kidawa alivaa glavu za kuokea, akamrudisha Mkhulu kwenye boksi, akafunga kamba mara nne. Burhani aliporudi akachungulia, hakumwona.

“Huenda katoka,” Kidawa akasema.

“Huenda kajificha. Jumanne magharibi siku tatu zinatimia. Nitatoa kila kitu mle ndani, bunda kwa bunda. Nikimkuta, namuua.” Alikuwa ameazima panga kwa rafiki yake muuza nyama, akaliweka chini ya kitanda. Hakulifurahia. Kabla ya kulala alikwenda tena mlangoni mwa roshani, akasema na giza kwa upole, “Nakuomba, ndugu yangu, ondoka.”

Jumapili Kidawa alipiga simu duka la Midrand. Mwenye duka mpya akasema anaweza kumchukua Alhamisi, na akishamchukua ni wake, atamuuza. Jumatatu aliwaza kumpeleka kwa jirani, lakini jirani ni Brigitte, msusi kutoka Bukavu, anayeishi chumba cha pili na kutumia nao choo kimoja. Brigitte akisikia neno nyoka ataita kikundi kizima cha maombi kutoka kanisani kwao, na kesho yake jengo zima litajua kwamba wageni wa ghorofa ya tano wanafuga nyoka wa utajiri. Watu wamechomewa vyumba kwa madogo kuliko hayo.

Na kulikuwa na dirisha. Burhani alilitaka wazi, kwa haki ya mgeni. Mchana Kidawa alilifunga, lakini kila usiku upepo wa baridi uliingia roshani na mkeka mdogo wa umeme haukufua dafu. Mkhulu alianza kuwa mzito wa kujibu. Jumanne asubuhi hakutoa ulimi hata Kidawa alipogonga boksi kwa kidole. Saa nne umeme wa jengo zima ukakatika.

Saa sita mchana ikaanguka theluji.

Wengi pale Berea hawakuwahi kuiona maishani. Watoto walikimbilia kwenye roshani na sahani kuikinga, wanawake walipiga vigelegele, mtu mmoja ng'ambo ya barabara alisimama na fulana tu mikono ameinua. Kidawa hakuwa na hili wala lile, hata dirisha la roshani siku hiyo alilisahau wazi. Alikuwa amemtoa Mkhulu, amemleta kitandani, amemfunika mablanketi matatu, na ndani ya mablanketi yale nyoka alikuwa wa baridi kama bomba. Akapiga simu hospitali.

“Blanketi?” Mabaso akasema. “Eish, dada. Blanketi linamtunzia joto mwenye joto. Huyo hana lake hata chembe. Umefunika jiwe.”

“Umeme hakuna. Siwezi hata kuchemsha maji. Jirani mwenye gesi yuko saluni, mlango kafunga.”

Mabaso akasikika anapumua kwa shida. Kisha akasema, “Basi ni wewe. Mweke mwilini, ndani ya nguo. Hatakuuma. Dada, siku ile alikuwa shingoni kwangu saa nyingi, nilikuwa natetemeka mimi, yeye hakutetemeka. Nisaidie. Nikitoka hapa sina mtu mwingine ananingoja.”

Kidawa alipiga moyo konde. Alivua sweta, akabaki na gauni jepesi, akamwinua nyoka kwa mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Alitegemea utelezi, akakuta ukavu, kama mkoba wa ngozi ulioachwa nje. Uzito ulimshangaza. Alimzungusha kiunoni mara mbili, akampitisha begani, akavaa koti la Burhani juu yake, akaketi chini, mgongo ukutani. Baridi ya mnyama ilimwingia tumboni, na tumbo lilikuwa tupu tangu daku. Akaanza kusoma sura zote alizozijua. Baada ya muda mrefu alihisi kitu kinasogea kwapani taratibu, kikitafuta palipo na moto zaidi, na machozi yakamtoka kwa raha. Alimwambia, “Haya, babu. Haya.”

Hakusikia funguo.

Karakana ya makochi ya Midrand, alikofanya kazi Burhani siku hizi, ilikuwa imewaruhusu watu mapema kwa sababu ya barabara. Burhani aliingia theluji mabegani, anacheka kama mtoto, mkononi amebeba kikopo chake cha chakula.

“Kidawa! Nimekuletea, angalia kabla haija—”

Kichwa cha Mkhulu kilikuwa kimetokeza kwenye kola ya koti, chini ya kidevu cha mkewe.

Burhani aliruka kitandani, akapapasa chini, akasimama na panga. “Usitikisike,” akanong'ona. “Usipumue. Namkata nyuma ya kichwa. Usitikisike, mke wangu.”

“Usimkate!” Kidawa akakumbatia koti kwa mikono yote miwili. “Ni wangu. Burhani, ni wangu, mimi ndiye niliyemleta. Ni amana.”

“Ya nani?”

Akamwambia. Hakuchagua maneno, alianzia kwenye sufuria na kiwiko, akamaliza na simu ya hospitali. Katikati ya maelezo Burhani aliketi kitandani, panga magotini. Hakumkatiza. Kikopo kilikuwa sakafuni na theluji yake inageuka maji.

“Siku ngapi?” akauliza.

“Mbili.”

“Chumba kimoja.”

“Kimoja.”

“Naye alilala wapi?”

“Hakulala. Alikaa mlangoni, mgongo kwangu.”

Burhani akatazama mlango wao wenyewe, kama anapima mtu angekaaje pale. Nje watoto walikuwa bado wanapiga kelele.

“Vyungu vinne,” akasema. “Nimewapelekea polisi vyungu vinne. Nilimbusu mkono yule sajini mzee. Wewe ukikaanga vitunguu, ukiniangalia.”

Kidawa alifikiri labda atacheka. Alitamani acheke, naye angecheka, na jambo lingepata njia ya kupitia. Lakini Burhani alikuwa analia, bila sauti, akijifuta kwa mkono wenye gundi ya makochi.

“Ulidhani mimi ni mume wa Zaituni.”

“Nilidhani.”

“Mwaka wa kwanza, sawa. Ulikuwa umeshtuka. Na wa pili? Wa tatu? Wa nne huu?”

“Kila mwaka nilidhani.”

“Sikiliza basi nikuulize jambo moja,” akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya adabu aliyompa nyoka. “Watu walikuja na mapanga. Ukaingia kwa mtu usiyemjua, na jitu hili ndani, ukawa salama. Halafu nikaja mimi, na kwangu ukajificha miaka minne. Katika sisi sote, Kidawa, uliyemwogopa zaidi ni mimi?”

Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, laini, na lingemtoka vizuri kama yalivyomtoka mengine yote. Alimtazama mumewe, akaona kwamba safari hii angemjua.

“Ndiyo,” akasema. “Wale walikuwa na uwezo wa kuniua tu.”

Burhani alitikisa kichwa polepole. Aliinuka, akalifunga panga kwenye gazeti kama lilivyokuja, akaliweka juu ya kabati. Akaenda roshani. Kidawa alimsikia anahangaika na waya, vidole vimekufa ganzi, kisha dirisha likafungwa kwa kishindo na kelele za barabarani zikapungua.

“Huyo mtu anaitwa nani?” akauliza kutoka kule.

“Mabaso.”

“Hospitali gani, wodi gani?”

Akamtajia. Burhani akalirudia jina mara mbili, chini chini, kama mtu anayejifunza. Akarudi chumbani, akajifunga skafu.

“Leo?” Kidawa akasema. “Na theluji hii? Hata teksi hakuna.”

“Mtu aliyemlinda mke wangu anashukuriwa. Nimechelewa miaka minne, nichelewe tena kwa sababu ya theluji?”

“Nimpe nani nyoka, twende wote?”

“Wewe kaa. Umechukua amana, itunze.” Aliinama kufunga kamba za viatu, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

“Utarudi kufuturu?”

“Sijui.”

“Burhani. Utarudi?”

Alifungua mlango, akatoka, akaurudishia bila kuubamiza. Kidawa alitaka kuinuka amkimbilie, hata pekupeku, hata na koti lile. Alijisukuma kwa mkono ukutani, na Mkhulu, ambaye ndio kwanza anapata joto, akahisi anaanguka akajikaza kiunoni na begani kwa nguvu zake zote zilizoanza kurudi. Haikuuma. Ilimkatalia tu kusimama. Akishindana naye atamtia hofu, akimvua atampoza, na nyoka alikuwa bado hajapona. Akarudi chini.

Ukumbini Brigitte alikuwa amefika kutoka saluni, anakung'uta viatu.

“Papa Burhani! Hii theluji, eh? Unaenda wapi na hii baridi? Na Kidawa, iko?”

“Yumo ndani,” Burhani akamjibu, kwa sauti yake ya kila siku. “Yuko salama.”

Kisha nyayo zake zikaanza kushuka ngazi, ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu. Kidawa alilia palepale alipoketi, kwa uangalifu, asimshtue nyoka.